Fundi wa Makochi Asiyekaa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye na kiti na akae. Aliye na kazi mkononi aendelee nayo, ila sikio anipe mimi. Leo tunamkumbuka fundi wa makochi. Mtaani kwao walimwita Simama, na jina hilo lilimganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Fundi Simama ametutoka. Ameacha mke na binti mmoja. Na niwaambie mapema, si rahisi kumsimulia mtu huyu ukiwa umetulia. Fundi mitambo wangu, hapo ng'ambo ya kioo, ameshaanza kuninyooshea mkono nipunguze mwendo.

Alitengeneza makochi. Shikeni hilo. Viti vya kukalia, vya kujinyoosha baada ya kazi, vya kusinzia kidogo huku redio inaongea peke yake. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa bati. Sponji zimerundikwa hadi darini, vitambaa vimeviringishwa na kuegeshwa ukutani, harufu ya gundi inakupokea kabla ya salamu. Mwenzake pale alikuwa seremala. Seremala aliunda fremu, Simama akazivisha. Kochi likikamilika, mteja alikaribishwa akae, ajaribu, hata aruke ruke akitaka. Simama mwenyewe alilikandamiza kwa goti, akasikiliza springi, akaondoka zake.

"Wateja walikuwa wanamchokoza," seremala ameniambia. "Mama mmoja alimwambia, fundi, mpishi asiyeonja chakula chake simwamini, hebu kaa nikuone. Akamjibu, mama, nikilikalia hili sitataka tena kukuuzia."

Ndivyo alivyokwepa. Kila mtu alipewa jibu lake, na kila jibu lilikuwa mzaha. Alikula amesimama dirishani. Alinywa chai akizunguka meza. Kwenye gari alikaa kwa sababu hakuna namna, lakini ukingoni, mkono kwenye mlango, kama anayeshuka kituo kinachofuata. Mtu kiguu na njia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sababu walijua wawili tu, yeye na mkewe.

Wasikilizaji wapendwa, Simama hakuzaliwa hivyo. Mkewe ni msusi, na anakumbuka kijana aliyekuwa akija kumsubiri saluni, akajibwaga kwenye kiti cha wateja na kukoroma bila aibu. "Nilimpenda kwa sababu alikuwa mtulivu," anasema, na anacheka kicheko kifupi. "Nikachekwa na maisha."

Walipata binti. Mashavu kama andazi, tumbo limejaa. Watu walimpongeza mamake, wakasema huyu analishwa vizuri. Lakini asubuhi mtoto aliamka anatetemeka, jasho limemlowesha, shingo imelegea. Akishakula, anachangamka kama si yeye. Walimpeleka zahanati, wakapewa dawa ya minyoo. Walimpeleka kwingine, wakapewa dawa nyingine ya minyoo. Mpaka daktari wa watoto wa hospitali kubwa alipolipapasa lile tumbo, akaagiza vipimo.

Sikilizeni daktari alivyowaeleza, maana hapa ndipo maisha yao yalipogeuka. Mwili wa kila mmoja wetu huweka akiba ya sukari kwenye ini, na kuitoa tukikaa na njaa. Mwili wa mtoto huyu unaweka, ila hauwezi kutoa. Ghala limejaa, mlango haufunguki. Akikaa muda mrefu bila kula, sukari kwenye damu inashuka. Ikishuka sana, anazimia. Anaweza kufa. Narudia: si mtoto mgonjwa wa kulala kitandani. Ni mtoto anayecheza, anayecheka, ambaye hapaswi kupitisha saa ya kula.

Na dawa yake? Unga. Ule unga mweupe, laini, wa wanga wa mahindi, ambao wapishi hutia kwenye mchuzi uwe mzito. Unakorogwa kwenye maji ya baridi na kunywewa mbichi. Unameng'enywa polepole, unamshikilia mtoto kwa saa kadhaa. Kisha kikombe kingine. Mchana na usiku, maisha yote. Unga huo hutuama upesi chini ya kikombe, kwa hiyo lazima ukorogwe mpaka tone la mwisho. Baba akamtania bintiye kwa jina la Kijiko, na ulimwengu mzima ukamwita Kijiko.

Ndugu nao hawakukosa la kusema. Shangazi yake Kijiko alisema kwao hakuna ugonjwa huo. Upande wa mama nao wakasema kwao hakuna. Daktari aliwaambia wazazi wale, mtoto amerithi kwenu nyote wawili, na hakuna aliyekosa. Neno hilo waliambiwa wao wawili tu. Ndugu waliendelea kutazamana kwa pembe za macho, kila upande ukiutuhumu mwingine. "Wifi alikuwa akija," mama Kijiko anasema, "anamtazama mtoto, halafu ananitazama mimi, kama anayelinganisha kitambaa na doa."

Sasa nifike kwenye uji.

Kijiko aliuchukia ule unga. Mtoto mdogo, unampa kitu kama chaki iliyosagwa kwenye maji, kwa nini aupende? Alikaza meno. Alitema. Kila kikombe kilikuwa vita. Adhuhuri moja mama alikwenda kumsuka bibi harusi, baba akabaki na mtoto. Akafikiri, akaona jambo rahisi ambalo wote hawakuliona. Akauchemsha. Ukawa uji mlaini, mzito, wenye moto kidogo. Mtoto akanywa kikombe kizima, akaomba tena.

Daktari alikuwa amesema unywewe mbichi, na baba alisikia. Ila alidhani mbichi ni kuwapunguzia tu kazi ya jikoni. Hakujua kwamba ukipikwa, unaisha mwilini upesi kama chakula kingine chochote, na saa alizohesabu za utulivu hazipo tena.

Alifurahi. Aliketi kwenye kochi jekundu alilomtengenezea mkewe walipooana, mtoto kifuani, wote wawili wameshiba. Wakalala.

Alichoamshwa nacho ni mguu wa mtoto ukimpiga tumboni. Ulikuwa ukipiga wenyewe. Macho ya mtoto yalikuwa wazi na hayamtazami. Mama alikuwa anaingia mlangoni, bado na chanuo kichwani. Walikimbia. Niseme haraka kwamba mtoto alipona, maana najua mnanisikiliza na roho zenu juu. Alipona kabisa. Muuguzi wa wodi alimweleza baba kuhusu unga mbichi na unga uliopikwa, bila ukali hata kidogo. Labda ukali ungemsaidia.

Aliporudi nyumbani alilitoa nje lile kochi jekundu, akalivunja. Hakukaa tena.

"Nilimwambia, baba Kijiko, umekosea kwa kupenda," mkewe anasimulia. "Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa hasira. Ananiitikia, eeh, eeh, huku anachungulia mtoto anapumua vipi. Siku moja nikamwambia, nyumba hii ina mlinzi, haina mume. Akaniomba msamaha. Akaniomba akiwa amesimama mlangoni."

Na yeye mama? Nilimuuliza alivyojikaza miaka yote ile. Alifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. "Nalia kazini," akasema. "Mteja ameinamisha kichwa kwenye beseni, maji yanatiririka, mimi juu yake nalia. Namwosha huku nalia. Akiinua kichwa nimeshamaliza. Wote hao nimewasuka, hakuna aliyewahi kujua."

Wasikilizaji wapendwa, kama uliwahi kuoshwa nywele na mama huyu, sasa unajua.

Kliniki ya Kijiko na watoto wengine wenye magonjwa ya kurithi ya namna hiyo ilikuwa kwenye ukumbi mrefu wa hospitali, na ukumbi ulikuwa na mabenchi ya ngozi bandia yaliyochanika, sponji inachungulia nje. Wazazi walikaa humo nusu siku wakisubiri kuitwa. Simama hakukaa. Alizunguka mpaka askari wa mlangoni akaanza kumfuata kwa macho. Kliniki iliyofuata alikuja na mfuko: nyundo, sindano ndefu iliyopinda, uzi, misumari midogo, vipande vya ngozi bandia vya rangi isiyofanana kabisa na ya mabenchi. Akapiga magoti, akaanza kushona benchi la hospitali. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemzuia.

Hapo likatokea jambo ambalo hakulipanga. Wazazi wakaanza kumweleza mambo yao. Mtu aliyeinama na kazi yake, misumari mdomoni, hakutazami usoni, hana maswali wala mahubiri. Ukimwambia la ajabu hashtuki, anagonga msumari mwingine.

Dereva mmoja wa lori, ambaye mwanawe hapaswi kula nyama wala maharage, alimwambia, "Mimi simu ya nyumbani ikilia naiacha ilie kwanza. Naiogopa."

"Mm," akasema Simama.

Mama mmoja mwenye mapacha, mmoja mzima na mmoja mgonjwa, alimwambia, "Kuna siku nauchukia huu ugonjwa mpaka siwezi kuutenganisha na mtoto. Halafu najichukia mimi."

Simama akatoa misumari mdomoni. "Shika hapa, dada. Vuta ngozi kwa nguvu. Zaidi. Hapo hapo." Yule mama akavuta na machozi yakimtoka, wakalimaliza benchi lile pamoja. Ameniambia mwenyewe kwamba siku hiyo alilala usingizi.

Lakini Simama mwenyewe, la kwake hakulisema. Aliwabebea wengine, lake likabaki kifuani.

Kijiko akakua. Akajua kukoroga unga wake mwenyewe, akajua kusoma saa kabla ya kusoma kitabu. Akaingia sekondari, miguu mirefu, ulimi mkali. Siku moja ya joto alitoka shule mbio, akaingia karakana, akaketi kwenye kochi jipya la mteja, la rangi ya maziwa. Kichwa chini. Jasho linamtoka. Baba akamwita. Kimya. Akamwita tena. Kimya.

Wewe ungeona msichana aliyenuna. Yeye aliona kochi, aliona jasho, aliona shingo iliyoinama. Alimrukia, akambana kidevu, akammiminia maji ya sukari mdomoni. Kijiko akapaliwa, maji yakamwagika, kochi la mteja likapata ramani ya dunia. Kabla msichana hajapata pumzi ya kujieleza, baba alishambeba na kumpakia kwenye gari la seremala, katikati ya fremu za vitanda. "Nimeendesha mambo mengi maishani," seremala anasema, "sijawahi kuendesha hofu kama ile."

Pale ukumbini hospitali, muuguzi yule yule wa zamani, sasa ana mvi, akamtoboa Kijiko kidole na kupima. Sukari iko sawa. Sawa kabisa.

"Binti, una nini?" akauliza.

"Nimegombana na rafiki yangu," Kijiko akasema. "Basi."

Seremala akacheka. Alicheka peke yake.

Kijiko akamgeukia baba yake. Blauzi ya shule imelowa sukari. "Baba, mimi nina ugonjwa. Mimi siyo ugonjwa. Kuna siku nataka kununa tu kama wenzangu."

Simama hakuwa na pa kuweka uso. Akaanza kuzunguka ukumbi. Muuguzi akamtazama, akachukua mashine ya kupimia presha. "Baba Kijiko, leo nakupima wewe. Kaa."

"Nimezoea kusimama."

"Kaa kwenye benchi lako, umelishona mwenyewe. Hata hilo huliamini?"

Akakaa. Presha ilikuwa juu sana, kiasi kwamba muuguzi alirudia kupima. Akamuuliza swali moja: tangu lini? Na mtu yule ambaye alisikiliza ukumbi mzima akafunguka. Akasema habari za uji. Akasema habari za kochi jekundu. Kijiko alikuwa pale pale, na alikuwa hajawahi kusikia hata neno moja la kisa hicho.

"Ulikuwa mtamu?" akauliza.

"Nini?"

"Huo uji."

Baba akafikiri. "Ulikunywa wote. Ukaomba tena."

"Basi nilifurahi," Kijiko akasema.

Muuguzi akatoka nje, akisema anakwenda kutafuta kalamu. Kalamu ilikuwa mfukoni mwake.

Baada ya hapo Simama alianza kwenda kwa mshauri, mtu wa kuzungumza naye, chumba cha mwisho kwenye ukumbi ule ule. Alikwenda kwa kusukumwa na mkewe, naye mkewe akaenda pia. Alijifunza kukaa kidogo kidogo. Alikaa kula. Alikaa kwenye kochi jipya nyumbani, mgongo haujagusa nyuma, lakini amekaa. Hakupona akawa mtu mwingine, sitaki kuwadanganya. Hofu ilibaki. Ila sasa aliweza kulitaja jina lake. Na alipolitaja, lilikuwa hili, alimwambia mshauri, alimwambia mkewe, alimwambia seremala mpaka seremala akachoka:

"Siku ya kawaida Kijiko atakumbuka kikombe chake. Najua. Ninaogopa siku ya huzuni. Siku moyo umevunjika, siku mtu hasikii hata njaa, siku hiyo nani atakumbuka kikombe?"

Hilo ndilo lililokuwa likimsimamisha. Hakuwa akiogopa ugonjwa. Alikuwa akiogopa huzuni.

Kijiko alipopata chuo cha ufundi umeme, mji mwingine, baba alimruhusu kwa mdomo. Hata hajazoea kitanda cha bweni, baba huyo mlangoni na nyundo yake, akimwambia matroni amekuja kukagua viti. Viti gani, nani alimwita, hakueleza. Matroni akamwacha ashone viti vya ukumbi wa chakula. Kijiko akaja, akasimama mbele yake, akakoroga unga, akanywa mpaka tone la mwisho, akamwonyesha kikombe kitupu. "Umeona? Haya, baba, nakupenda, nenda nyumbani." Akaenda nyumbani. Alijivunia safari ile mwaka mzima.

Wasikilizaji wapendwa, sasa linakuja la kuuma. Asubuhi moja alikuwa anashona ukingo wa kochi. Akamwambia seremala, nimechoka kidogo. Akaweka sindano chini. Akakaa.

"Nilitupa randa," seremala anasema. "Miaka yote ile sijamwona akikaa kazini. Nilijua kuna jambo kabla hajafumba macho." Hawakufika hospitali. Daktari alisema ni moyo. Nyumbani, kwenye kizingiti cha dirisha alipozoea kula, mkewe alikuta vidonge vyake vya presha, vingi havijaguswa. Tangu ule uji hakuwahi kukosea kikombe cha mwanawe. Vya kwake alikuwa akivisahau.

Siku ya mazishi nyumba ilijaa. Makochi yaliletwa kutoka karakana, mengine hayajamalizika, watu wakakalia sponji tupu. Wazazi wa ukumbi ule walikuja na watoto wao. Kijiko alifika kwa basi, macho yamevimba. Hakusema na mtu. Alikwenda kukaa mstari wa mbele, kichwa chini, mikono mapajani.

Mama Kijiko hakuwa akisikiliza hotuba. "Mume wangu alikuwa amelala," anasema, "zamu ikawa yangu. Nilimtazama mwanangu tu. Nikaona anavyokaa, ile shingo. Nikasikia maneno ya baba yake masikioni: siku ya huzuni nani atakumbuka? Saa inakaribia. Shangazi yake anasoma wasifu, hamalizi. Nikasimama niende jikoni nikamchukulie kikombe, watu waseme watakavyo."

Alisimama. Na chini ya sauti ya shangazi akasikia sauti anayoijua kuliko sauti yake mwenyewe. Kijiko kinagonga kikombe.

Ilikuwa mstari wa mbele. Kijiko alikuwa ametoa kikombe kwenye begi, chupa ya maji iko katikati ya magoti. Anakoroga. Machozi yanamdondoka humo humo, anakoroga. Shangazi akaacha kusoma. Watu wakageuka. Msichana akanywa taratibu, akazungusha kikombe, akanywa kilichotuama chini, akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono.

"Endelea, shangazi," akasema.

Hapo ndipo akalia kwa sauti.

"Mimi niligeuka," mama Kijiko ameniambia. "Niligeuka kumtazama baba yake pale mlangoni anaposimamaga. Nilitaka kuona kama ameona. Halafu nikakumbuka. Halafu nikakaa."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tulio hapa studio, pole mama Kijiko. Pole Kijiko. Pole seremala, ambaye ananiambia kochi lile la mwisho hataki mtu mwingine alimalizie ukingo. Poleni wazazi wote wa ukumbi ule mrefu. Mabenchi yenu bado ni imara, nimekwenda kuyaona.

Nanyi mlio nyumbani, nawaombeni mfikirie jambo moja. Kila mmoja wetu anamjua mzazi wa namna hii. Tukikutana naye njiani tunauliza, mtoto anaendeleaje? Ni swali zuri, tuliulize. Kisha tusiondoke. Tumuulize, na wewe je? Atakwambia mimi mzima, atakutania, atatafuta kazi ya kushika. Mvutie kiti. Asipokaa, simama naye.